Mjane Mmoja au Wawili: Kisa cha Kibosho na Pasua

Usiku wa kuamkia mazishi, vijana wanne walikaa sebuleni kwenye nyumba ya mgombani Kibosho, mlimani Kilimanjaro, wakiandika wasifu wa marehemu. Kuzaliwa, shule ya msingi, kipaimara, ndoa takatifu ya 1987, kazi ya udereva wa malori: hayo yote yaliisha kwa nusu saa. Wakafika kwenye sentensi ya "Marehemu ameacha". Hapo wakakwama hadi saa nane usiku.

Mtoto wa kwanza wa kiume alitaka iandikwe "mjane mmoja na watoto wanne". Binamu yake anayeishi Moshi mjini akakataa: watu wa Pasua huko mjini wanapanda kesho na Coaster mbili, wote wanajua watoto ni saba, si tutajiaibisha? Maneno yakaanza kupanda. Baba mkubwa akaitwa kutoka nje kwenye moto. Akasikiliza, akauliza kama wasifu ukishasomwa unarudishwa kwa mtu yeyote au unabaki kwa emsii. Kisha akasema, "Andikeni ameacha mjane, watoto na wajukuu. Namba za nini? Mnahesabu mbuzi?"

Ikaandikwa hivyo. Kesho yake ikasomwa hivyo, na kila upande ulisikia hesabu yake.

Nakitumia kisa hiki kufundishia aina za familia na ndoa. Nimekishona kutokana na mambo yanayojirudia kwenye familia nyingi za Kilimanjaro, si habari ya nyumba moja, kwa hiyo msomaji wa Kibosho asianze kumtafuta jirani. Nimekichagua kwa sababu vitabu vya sosholojia huziorodhesha familia kana kwamba kila mtu yumo kwenye moja: familia kiini (baba, mama na watoto wao), familia pana (pamoja na ndugu wengine), ya mitala (mume na wake zaidi ya mmoja), ya mzazi mmoja. Marehemu huyu alikuwa kwenye zote nne kwa wakati mmoja. Ilitegemea anayehesabu ni nani.

Maisha yenyewe

Alioa 1987 kanisani, kwa mahari kamili, ndafu ikakatwa. Alikuwa kitinda mimba, na kwa mila ya Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye boma la baba, mtoto wa kwanza akipewa kihamba chake (shamba la urithi la ukoo) mapema. Wa katikati hujitafutia. Kwa hiyo alipata kihamba chenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee wake, pamoja na kishamba huko chini tambarare cha kulima mahindi na maharage.

Kahawa ikamwangusha. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia sokoni Tanzania, na ruzuku za pembejeo zilizozoeleka kupitia ushirika zikapotea. Mwanamume mwenye kihamba cha ekari moja na watoto wanne hakuwa na hesabu ya kukaa nyumbani. Akashuka mjini, akajifunza lori, akawa dereva. Mke akabaki na migomba, ng'ombe wawili wa zizini na mama mkwe.

Mwaka 2001 alianza kuishi Pasua na mwanamke wa Kipare, mzaliwa wa Usangi, mfanyabiashara wa mchele na dagaa soko la Mbuyuni. Hawakufunga ndoa. Alipeleka barua kwao, akatoa sehemu ya mahari, akaahidi kumalizia. Mjini hiyo inaitwa sogea tukae, na kanisani uchumba sugu. Wakapata watoto watatu. Mwaka 2006 wakanunua kiwanja, wakajenga vyumba vitatu kidogo kidogo, tofali zikitoka kwenye faida ya mchele na bati kwenye posho za safari.

Alipanda Kibosho kila Krismasi, kwenye misiba, na Jumapili moja moja. Alisomesha watoto wa pande zote mbili. Alifariki 2021 akiwa Pasua.

Waliomhesabu

Kanisa lilimhesabu kwa cheti, na kwa jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Kwa miaka ishirini mke wa Kibosho alilipa zaka na michango ya jumuiya kwa jina la mume wake. Kila mwaka, risiti kwa risiti, jina la mwanamume ambaye hakulala hapo. Mwenyekiti wa jumuiya alipoulizwa na paroko kama marehemu alikuwa Mkristo hai, alifungua daftari na jina likaonekana halina deni. Misa ikaombwa na ikapatikana. Watu husema mwanamke yule alivumilia. Mimi nasema alifanya kazi: aliitunza ndoa ikawa hai kwenye vitabu wakati haikuwepo chumbani, na daftari lile ndilo lililomrudisha mume mgombani.

Mtaa ulimhesabu vingine. Pasua alikuwa mwanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana, na kwenye fomu ya kikundi, sehemu ya mke, limeandikwa jina la mwanamke wa Usangi. Hati ya mauziano ya kiwanja iliandikwa kwa kalamu ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa. Mnunuzi ni marehemu, na chini, kati ya mashahidi, kuna sahihi ya mwanamke huyo na mbele yake maneno "mke wa mnunuzi", muhuri juu yake. Kwa hiyo ngazi ya chini kabisa ya serikali ilimtambua bila kumdai cheti.

Rambirambi ya kikundi ndiyo iliyoleta mtafaruku wa kwanza. Katiba yao inasema fedha anakabidhiwa mke wa mwanachama. Mweka hazina alipanda Kibosho na bahasha, akakuta wajane wawili wamekaa kwenye vyumba viwili tofauti. Akamkabidhi aliye kwenye fomu. Shemeji mmoja wa Kibosho akamfuata nje: "Wewe kaka, hela ya msiba unampa mgeni?" Akajibu kwamba yeye hajui habari za mgeni, anajua fomu.

Ukoo ulikuwa na hesabu ya tatu, na hii ndiyo inayonivutia zaidi. Wachagga ni watu wa kuumeni: mtoto ni wa ukoo wa baba. Mzee wa ukoo alisema wazi kwamba watoto watatu wa Pasua ni damu yetu, jina letu wanalitumia, na yule wa kiume aliletwa hapa akiwa mchanga akaonyeshwa kwa bibi yake. Hakuna aliyepinga. Kwenye kuweka mashada waliitwa "watoto wa marehemu" pamoja na wenzao wa Kibosho, wakapanga mstari mmoja kwa umri. Mama yao aliitwa baadaye, kwenye kundi la "majirani na marafiki kutoka Moshi mjini". Ukoo uliwataka watoto. Suala la mama na suala la ardhi ni vingine kabisa.

Kuhusu Murdock

Mwanaanthropolojia wa Marekani George Peter Murdock, kwenye kazi yake ya 1949 iliyolinganisha jamii 250, alieleza familia kuwa ni kundi lenye makazi ya pamoja, ushirikiano wa kiuchumi na uzazi, likiwa na watu wazima wa jinsia zote mbili ambao angalau wawili wana uhusiano wa kimwili unaokubalika na jamii. Akasema familia kiini iko kila mahali duniani. Amepingwa sana, na mfano maarufu ni Wanayar wa Kerala, India, ambao zamani mume hakuishi na mke wala hakulea watoto, kazi hiyo ikiwa ya wajomba.

Hatuna haja ya kwenda Kerala. Ukiipeleka fasili ya Murdock Kibosho, inakosa makazi ya pamoja. Uchumi wa pamoja upo nusu nusu. Kukubalika kwa jamii kupo kwa asilimia mia. Ukiishusha Pasua, makazi yapo, uchumi upo, uzazi upo, na kinachogomba ni hicho cha kukubalika: jirani anakubali, paroko hakubali, ukoo unakubali watoto peke yao.

Ndipo linapoonekana jambo ambalo orodha za darasani hulificha. Kwa cheti, Kibosho ni familia kiini iliyokamilika na Pasua kuna mama asiye na mume. Kwa maisha ni kinyume chake. Mke wa ndoa ndiye aliyelea watoto peke yake, akauza ndizi, akamuuguza mama mkwe hadi akamzika, akampokea mjukuu aliyeletwa na binti yake wa Dar es Salaam. Hiyo kimaisha ni kaya inayoongozwa na mwanamke, iliyochanganyika na familia pana. Asiye na cheti ndiye aliyeishi na mume nyumba moja, wakala meza moja, wakagombana juu ya ada. Mtafiti anayepita na dodoso na kuuliza "hali ya ndoa?" angeandika majibu mawili ya uongo, na wanawake wote wawili wangekuwa wamesema kweli.

Kuna wanaodhani mji huwa unaimega familia pana na kubakiza baba, mama na watoto. Hapa mji haukumega kitu. Ulimwongezea mtu nyumba ya pili, na ya kwanza ikabaki kwa sababu ardhi na kaburi viko kule. Kabla ya wamisionari, waliofika Kilimanjaro kwa wingi miaka ya 1890, Mchagga mwenye uwezo alioa wake kadhaa na kila mmoja alikuwa na nyumba yake na migomba yake. Kanisa lilipiga vita mitala na kwa kiasi kikubwa lilishinda kwenye maneno: hakuna mwanamume wa Kibosho leo atakayekwambia ana wake wawili. Mpangilio wenyewe wa nyumba mbili umehamia tambarare, ukapoteza heshima yake na kanuni zake. Zamani mke wa pili alijua sehemu yake ni ipi. Huyu wa leo anabahatisha.

Kikao

Siku ya kumaliza matanga ukoo uliketi chini ya mwembe, wanaume mbele, mbege (pombe ya ndizi) kwenye ndoo ya plastiki. Ajenda ilikuwa kumpata msimamizi wa mirathi, kwa sababu Mahakama ya Mwanzo huhitaji muhtasari wa kikao cha ukoo. Akapendekezwa mtoto wa kwanza wa Kibosho. Ikapita haraka.

Kisha ikasomwa orodha ya mali: kihamba, shamba la chini, ng'ombe, pikipiki, na "nyumba moja Pasua, Moshi mjini". Mwanamke wa Usangi alikuwa amekaa nyuma kwenye mkeka na mama wawili wa kikundi. Akasimama.

"Shikamooni wazee wangu. Naomba niulize. Hiyo nyumba mnayoiandika, nani kati yenu alishawahi kubeba tofali hata moja pale?"

Mtu akaguna. Msimamizi mteule akasema, "Mama mdogo, tunaandika mali ya baba. Hatujasema tunaigawa."

"Mkishaiandika mmeshaigawa, mwanangu."

Kichwa cha mambo kilikuwa pale, na aliyekigusa ni muuza mchele asiye mwanasheria. Orodha ya mali ya marehemu ndiyo inayosema nini ni cha kurithiwa. Nyumba ikiingia yote, wenye haki ni warithi, na yeye si mrithi. Nyumba ikikaa nje, au ikiingia nusu, mchezo ni mwingine.

Sheria inasemaje

Mtaani kuna imani kwamba ukikaa na mwanamume miaka miwili tayari wewe ni mke. Imetoka kwenye kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, na imepinda njiani. Kifungu kinasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi mpaka wakajulikana kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba ni wanandoa, ila dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Cheti cha kanisa cha 1987 ni ushahidi mzito kuliko wote. Kifungu cha 15 kinamkataza mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja kufunga nyingine, na kile cha 11 hakiruhusu ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani kugeuzwa ya mitala maadamu wote wawili wanaendelea kukiri Ukristo. Mahari aliyoipeleka Usangi, hata angeimaliza, isingezaa ndoa.

Tubadilishe kitu kimoja tu kwenye kisa. Tuseme 1987 walifunga ndoa ya kimila, au walikuwa Waislamu. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 10, inazichukulia ndoa hizo kuwa za mitala au zinazoweza kuwa za mitala. Mwanamke wa Pasua angeweza kuolewa kihalali, na kifungu cha 57 kingewapa wote wawili haki na hadhi sawa. Kama wangekuwa Waislamu, wangegawana moja ya nane ya mirathi ambayo ni fungu la wake pale marehemu anapoacha watoto. Nyumba zile zile mbili, mwanamume yule yule, malori yale yale. Kilichobadilika ni sherehe ya siku moja, miaka thelathini na nne kabla ya kifo chake.

Haina maana mwanamke wa Pasua hana kitu. Kifungu cha 160 kina sehemu ya pili: dhana ya ndoa ikishakanushwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na mahakama inaweza kutoa nafuu nyingine. Kwenye shauri la Hemed Tamim na Renata Mashayo, lililochapishwa kwenye taarifa za sheria za 1994, Mahakama ya Rufani ilisema nafuu hizo ni pamoja na kugawana mali waliyochuma pamoja. Mapema zaidi, mwaka 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mahakama hiyo ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakushinda rufaa yake. Mashauri hayo yalihusu watu waliotengana, si wafiwa, kwa hiyo hayabebi kisa chetu mgongoni moja kwa moja. Hata hivyo yanaonyesha mahali pa kusimama. Asiende mbele ya msimamizi kama mjane. Aende kama mwenye mali anayedai chake, na daftari lake la mchele mkononi, risiti za saruji na majina ya mafundi.

Ushauri huo unauma, najua. Mwanamke aliyemuuguza mtu hadi pumzi ya mwisho anaambiwa aache neno mke nje ya mlango na aingie na risiti. Binafsi naona sheria ya 1971 ilikuwa mbele ya wakati wake kwa kuziweka ndoa zote chini ya paa moja. Kwenye jambo hili, lakini, inamlinda mwanamke mmoja kwa kumfuta mwingine, na mwanamume aliyewaweka wote wawili kwenye hali hiyo haulizwi kitu chochote kwa sababu ameshafariki.

Kwa watoto njia imenyooka zaidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa misingi ya kuzaliwa kwake, na inakataza kumnyima manufaa ya kuridhisha kutoka kwenye mali ya mzazi. Watatu wa Pasua wakaingia kwenye orodha ya warithi.

Walipofikia

Mama wa Kibosho ndiye aliyeamua mambo, na hakuna aliyemtarajia. Kikao cha pili, mwezi mmoja baadaye, alimwambia mwanawe mbele ya wazee aitoe nyumba ya Pasua kwenye orodha. Sababu aliyoitoa haikuwa huruma. Alisema nyumba ile ikiandikwa ya baba yenu, watoto wa kule nao watasema kihamba ni cha baba yao, na hapo mtagawana mpaka njia ya ng'ombe. Alikuwa amezijua ndoa zote mbili kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale, na alitaka kila moja ibaki na mali yake. Wazee wakaona ni sawa. Mwanamke wa Usangi akabaki na nyumba, na pingamizi alilokuwa ameandikiwa na msaidizi wa kisheria halikupelekwa.

Kihamba kimebaki kwa kitinda mimba wa Kibosho, mama yake akiishi humo. Wakasahau, au wakajisahaulisha, shamba la chini. Kijana wa Pasua alikuwa na miaka kumi na minne. Baba mkubwa alimwambia kwamba akikua atapewa kipande kule tambarare ajenge, si mgombani. Mama yake akaomba iandikwe kwenye muhtasari. Katibu wa kikao akasema maneno ya mzee hayaandikwi, yanaaminiwa. Mama akakataa kuketi mpaka yalipoandikwa, na yameandikwa: mstari mmoja kabla ya sahihi, bila vipimo vya kipande wala mipaka yake.